Mwanga wa Kufumba na Kufumbua: Picha za Kale za Kilimanjaro na Maneno ya Kuziagiza

Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani ya Mombasa kwenda Uchagga, aliona weupe juu ya mlima uliokuwa mbele yake, akatambua kuwa ile ni theluji. Habari hiyo ilipochapishwa huko Ulaya, walikuwako wataalamu walioikataa katakata. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, ambaye hakupata kuuona mlima wenyewe, alishikilia kwamba theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta. Rebmann hakuwa na picha ya kuonyesha; alikuwa na maneno tu. Ilibidi kungojea safari za Baron Carl Claus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 ndipo ubishi ukapungua. Wachagga, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wakinywa na kumwagilia migomba yao maji yatokayo mlimani humo, hawakuulizwa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Zamani maneno yalihitaji picha ili yaaminiwe. Leo maneno yenyewe yanaweza kuzaa picha. Tangu mwaka 2022 mitambo ya akili unde imekuwa wazi kwa watu wengi duniani, nayo hutengeneza picha kwa kuandikiwa sentensi chache. Miongoni mwa picha zinazopendwa sana kuagizwa ni zile zenye sura ya kale: watu waliokamatwa gizani na mwanga mkali wa kamera, nyuso zao zikiwa nyeupe, ukuta wa nyuma umejaa kivuli, na karatasi imechakaa kana kwamba ilikaa sandukuni miaka 50. Anayeitazama haraka huapa kuwa ni picha ya babu yake.

Katika insha hii tutajaribu kueleza mwanga huo ulitoka wapi, ulifikaje katika nyika iliyo chini ya Kilimanjaro, na ni alama zipi uliacha katika picha. Kisha tutaeleza namna ya kuandika agizo la picha ya jinsi hiyo kwa ukweli, na mwisho tutaonyesha mpaka ambao mwandishi wa agizo hapaswi kuuvuka. Tumechagua Old Moshi, yaani Moshi ya Kale iliyoko mlimani, kwa sababu hapo suala la nini ni ushahidi na nini si ushahidi si mchezo wa darasani. Ni suala linalogusa kaburi ambalo bado halijakamilika.

Asili ya mwanga wa unga

Kamera za karne ya 19 zilihitaji mwanga mwingi, na jua lilipotua kazi ya mpiga picha ilikwisha. Watu walitafuta jua la kubebeka, wakalipata katika madini ya magnesi, ambayo huwaka kwa weupe mkali. Mwaka 1865 Charles Piazzi Smyth alitumia mwanga wa magnesi kupiga picha ndani ya Piramidi Kuu ya Misri. Lakini waya wa magnesi uliwaka polepole, na mtu aliyepigwa picha alilazimika kutulia kama sanamu.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na kemikali zenye kuchochea moto, zikiwemo kloreti ya potasi na antimoni. Mchanganyiko huo haukuwaka polepole. Ulilipuka mara moja, ukatoa mwanga mweupe wa kufumba na kufumbua, ukaacha moshi mzito hewani. Ulikuwa hatari pia, kwani uliunguza mikono na nyumba. Huko New York, Jacob Riis aliutumia kupiga picha za vyumba vya maskini wakati wa usiku, na kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwaonyesha matajiri wa mji huo umaskini ambao mchana hawakuuona. Tangu hapo mwanga huo, ambao sisi leo twauita flashi, ukawa chombo cha kuingilia mahali pasipoingilika.

Mwanga huu una tabia tatu ambazo kila mwanafunzi wa historia anapaswa kuzishika. Kwanza, hutoka mahali pamoja, karibu na kamera. Kwa hiyo huangukia mbele ya kitu na kuacha kivuli kizito nyuma yake. Pili, hudhoofika upesi kwa umbali. Umbali ukizidishwa mara 2, mwanga hubaki robo; ukizidishwa mara 3, hubaki sehemu 1 ya 9. Ndiyo sababu aliye karibu hung'aa mno, na aliye hatua chache nyuma humezwa na giza. Tatu, hauonyi. Humkuta mtu anatafuna, anacheka au amefumba macho, kabla hajapata nafasi ya kuutengeneza uso wake. Hizi si hila za msanii. Ni sheria za maumbile, nazo zilimtawala kila aliyeshika taa hiyo, awe bwana au mtumwa wa kazi yake.

Nyika ya chini ya Moshi, 1903 na 1904

Mwanga wa unga ulijipatia sifa kubwa duniani kutokana na picha zilizopigwa katika nchi yetu. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865, alikuwa mwindaji aliyesafiri mara kadhaa katika nyika ya Wamasai iliyo kusini ya Kilimanjaro, na kando ya mto Ruvu ambao huitwa pia Pangani. Katika safari yake ya mwaka 1903 na 1904 alibeba vifaa vya kupigia picha usiku vilivyotengenezwa kwa msaada wa kampuni ya Goerz ya Berlin. Aliweka kamera na taa ya unga mahali wanyama walipopita au walipokunywa maji, akatega uzi. Mnyama alipougusa uzi, unga ulilipuka na kamera ikafunguka. Ili kumpata simba, alifunga ng'ombe au punda awe chambo. Hivyo twaweza kusema kuwa simba wa nyika ile alijipiga picha mwenyewe wakati akirukia kitoweo chake.

Kitabu chake kilitolewa mwaka 1905 kwa jina la Mit Blitzlicht und Büchse, maana yake ni kwa flashi na bunduki. Kilikuwa na picha 302, na msomaji alihakikishiwa katika ukurasa wa jina kwamba zimechapwa kwa uaminifu wa hati, kutoka katika negativu zenyewe. Ahadi hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini. Kwa nini mwandishi aapishe picha zake? Kwa sababu hata wakati ule ilijulikana kuwa picha yaweza kuchezewa kwa brashi na kwa mkasi, na watu walikuwa wamezoea simba waliochorwa na wasanii ambao hawakuwahi kutoka Ulaya. Schillings alitaka ieleweke kuwa mwanga wake ulimwangukia mnyama wa kweli, mahali pa kweli, usiku wa kweli.

Hata hivyo, picha inaweza kuwa ya kweli na bado isiseme kweli yote. Vioo vya negativu, masanduku ya unga, mahema na chakula vilisafiri vichwani mwa wapagazi. Ni wapagazi waliokata miiba ya boma na kuchota maji. Flashi ilimwangaza simba, ikawaacha gizani watu walioibeba mpaka hapo. Tena jina la kitabu linaweka taa na bunduki pamoja, na kwa hakika zilikwenda pamoja. Wajerumani walikuwa wamemshinda Mangi Meli wa Old Moshi mwaka 1893, baada ya yeye kuwashinda wao mwaka 1892 katika vita alimokufa kiongozi wao, Albrecht von Bülow. Baada ya ushindi huo walifanya Moshi kuwa ngome yao. Tarehe 2 Machi, 1900, walimnyonga Meli pamoja na wamangi na wazee wengine kwenye mti hapo Tsudunyi. Schillings alipotega uzi wake mwaka 1903, ilikuwa imepita miaka 3 tu. Mtu angeweza kupiga picha za wanyama kwa utulivu katika nyika ile kwa sababu wenyeji walikwisha kunyamazishwa kwa nguvu.

Hili si shutuma juu ya kila picha ya zamani. Ni fundisho la namna ya kuisoma. Mbele ya kila picha yenye flashi hatuna budi kuuliza maswali mawili: mwanga ulimwangukia nani, na nani alikuwa ameshika taa?

Zama tatu za taa

Yeye atakaye kuagiza picha yenye sura ya kale lazima ajue ni ya kale ipi. Twaweza kugawa historia ya flashi katika zama tatu.

Zama za kwanza ni za unga, tangu mwaka 1887 hadi karibu na mwaka 1930. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, zilipigwa kwa kamera kubwa ya miguu mitatu, mara nyingi juu ya kioo. Ndani ya nyumba, moshi wa unga ulimlazimisha mpiga picha kufungua madirisha kabla ya kuendelea. Katika Uchagga picha za jinsi hii zilikuwa chache. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Old Moshi mwaka 1896, walitupatia picha nyingi sana za watu na mahali, na leo nyingi zaweza kuonekana katika hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Lakini kwa kawaida hizo ni picha za mchana, za watu waliopangwa nje kwa safu, jua likiwakunjisha nyuso. Ndani ya nyumba ya msonge ya Kichagga, yenye giza la nyasi, moto wa mafiga na mifugo iliyolala upande wa pili, kamera ya wakati ule haikuona kitu bila msaada wa unga.

Zama za pili ni za globu. Mwaka 1929 ilianza kuuzwa Ujerumani taa ya kioo iliyofungiwa karatasi nyembamba ya madini ndani yake. Iliwaka mara moja tu, kisha ikatupwa, lakini haikutoa moshi wala kuunguza mikono. Taa hii ndiyo iliyowapa waandishi wa magazeti uwezo wa kukimbia na kamera mkononi. Picha zake zina kivuli chenye ukingo mkali ukutani, na paji la uso linalong'aa kwa jasho.

Zama za tatu ni za flashi ya umeme, ambayo mhandisi Harold Edgerton wa Marekani aliiendeleza tangu miaka ya 1930, na ambayo baadaye ilienea kwa watu wa kawaida duniani kote. Hizi ndizo zama za albamu zetu. Wakati huo studio zilikuwa zimekwisha kuota mizizi katika Afrika Mashariki: Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, Studio ya Parekh ya Mombasa, na Studio ya Bakor ya Lamu. Filamu za rangi zilipoenea zikaja na alama yao: jicho jekundu, linalotokea wakati flashi iko karibu mno na lenzi, mwanga ukaingia kwenye mboni na kurudi na wekundu wa damu iliyo nyuma ya jicho. Katika picha nyeusi na nyeupe wekundu huo hauwezi kuonekana. Jambo dogo kama hili ndilo linalomfichua mwongo.

Namna ya kuandika agizo

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtambo wa akili unde haujapata kufika Moshi. Umelishwa mamilioni ya picha zilizofungamanishwa na maneno, ukajifunza ni umbo gani huandamana na neno gani. Aina iliyoenea sana huanza na chengachenga zisizo na umbo, mfano wa televisheni isiyopata mawimbi, kisha huziondoa hatua kwa hatua, kila hatua ikifuata maneno ya agizo, mpaka sura itokee. Palipo na pengo katika maneno yako, mtambo haukuulizi. Hujaza wenyewe kwa kile ulichokizoea.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi akiandika, “picha ya kale ya harusi Moshi usiku,” ameacha pengo kubwa kuliko maneno. Hakutaja mwaka, taa, mavazi wala nyumba. Mtambo unaweza kumletea Wachagga waliovaa shanga za Kimasai, kibanda cha nchi nyingine, na kilele cha Kibo kikimeremeta angani saa 4 za usiku. Kosa si la mtambo peke yake. Mwanafunzi aliagiza asichokijua.

Agizo lililofikiriwa laweza kuwa hivi:

“Picha nyeusi na nyeupe ya mraba yenye ukingo mweupe, mwaka 1974, usiku, uani kwenye kihamba cha Old Moshi, wakati wa sherehe ya harusi. Flashi ndogo ya umeme iko juu ya kamera, ikiangaza moja kwa moja kutoka mbele. Mama mwenye umri wa miaka 50 hivi, amevaa kitenge na kufunga kilemba, anapokea kata ya mbege kwa mikono miwili kutoka kwa kijana aliyevaa koti lililompwaya. Mama anacheka, macho nusu yamefumba. Mkono wa kijana, ulio karibu na kamera, umepauka kwa mwanga. Kivuli cha mama kimeangukia ukuta wa mbao ulio hatua moja nyuma yake. Upande wa kulia majani mawili ya mgomba yameangazwa. Nyuma yake ni giza tupu. Karabai inaning'inia kwenye boriti, lakini mwanga wake ni hafifu ukilinganishwa na flashi. Bega la mtu asiyejulikana limekata pembe ya kushoto. Picha imeinama kidogo. Hakuna anayeitazama kamera.”

Tuangalie sababu za kila sehemu. Umbo la mraba limetajwa kwa sababu kamera nyingi za filamu pana zilitoa negativu za mraba. Aina ya taa na mahali ilipo vimetajwa kwa sababu neno “flashi” peke yake halitoshi. Taa iliyo juu ya kamera haitupi kivuli sawa na taa iliyoshikwa kando. Umbali wa ukuta umetajwa ili kivuli kiwe na mahali pa kuangukia. Giza la nyuma limesemwa waziwazi, kwani mitambo hupenda kuangaza kila kitu, hali flashi ya kweli haifiki mbali. Karabai inatupa kipindi, kwa kuwa ilikuwa taa ya sherehe mahali pengi ambako umeme haukufika. Kata ya mbege imepokewa kwa mikono miwili kwa sababu ni adabu, na adabu pia ni sehemu ya historia. Mwisho, yametajwa makosa: bega lililokata pembe, mwinamo, macho yaliyofumba. Mpiga picha wa usiku hakuona vizuri alichokuwa akikipiga mpaka filamu ilipooshwa. Picha ya usiku isiyo na kosa hata moja hututia shaka.

Msomaji ataona kuwa hakuna neno hata moja katika agizo hilo lisemalo “ya kupendeza” au “ya ajabu.” Maneno kama hayo hayaonekani kwa macho. Agizo zuri hutaja vitu, umbali, mwanga na matendo. Kwa jinsi hiyo linafanana na maelezo mazuri ya shahidi mahakamani.

Tutoe na mfano wa kukagua. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro. Tuseme mwanafunzi ameagiza taswira ya saa ile kwa mtindo wa flashi, naye akaletewa askari aliyeangazwa vizuri huku nyuma yake barafu na mabonde yote yakionekana kama mchana. Mwalimu amwulize: taa gani ya mkononi ya mwaka 1961 iliyoweza kuangaza mlima? Flashi ingemwonyesha askari, bendera, na labda theluji iliyo miguuni pake. Kilichobaki kingekuwa usiku. Ni vema mwanafunzi akubali usiku huo kuliko kuupamba.

Mpaka usiovukwa

Tumesema kuwa Old Moshi ina jambo la uzito. Baada ya Mangi Meli kunyongwa, jamaa zake walishikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kwa miaka mingi mjukuu wake na watu wa Old Moshi wamedai kirudishwe. Mwaka 2023 Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, iliyoko Berlin, ilitangaza kuwa uchunguzi wa vinasaba umeunganisha baadhi ya mafuvu yaliyotoka nchi yetu na jamaa walio hai. Mojawapo lilikuwa limeandikwa jina la Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana katika uchunguzi huo.

Tutafakari njia iliyopitiwa. Lilikuwepo neno lililoandikwa juu ya mfupa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Zilikuwepo simulizi za wazee, na orodha za makumbusho. Watu walio hai walikubali kutoa mate yao ili yapimwe. Ndipo ukoo mmoja ukaambiwa: huyu ni wenu. Kazi ndefu namna hiyo hufanywa kwa sababu wafiwa hawataki kufuvu chochote, wanataka kile.

Sasa tufikiri mtu ameketi, akaandika sentensi tano, akapata picha ya mti wa Tsudunyi ukiwa na mwanga wa unga, kamba, askari na uso wa Meli katika saa yake ya mwisho. Picha hiyo yaweza kuwa na alama zote tulizozieleza: kivuli, moshi, kioo kilichopasuka pembeni. Yaweza kuwaliza wanaoitazama. Lakini mwanga ule haukumwangukia Meli. Ule uso haukuwa wa mtu yeyote. Ikitoka darasani bila maelezo, ikapita mikononi mwa watu, baada ya miaka michache itaingia vitabuni kama picha ya kweli, na atakayefuata kutafuta ushahidi wa haki ya ukoo ule atakuta kisima kimekwisha kutiwa matope. Hata wale wasiotaka kurudisha kitu watapata kisingizio cha kusema kuwa habari zote za huko ni za kubuni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anapoanguka huwaangusha na wasemao kweli.

Kwa hiyo twaona mpaka uwe huu. Agizo la picha lifae kwa mambo ya jumla: nyumba, sokoni, harusi isiyo ya mtu maalumu, msafara wa wapagazi. Lisitumike kumtengenezea marehemu anayejulikana kwa jina sura au tendo lisilo na ushahidi, hasa katika kifo na aibu. Na kila picha iliyotengenezwa iandikwe juu yake, si nyuma tu, kwamba imetengenezwa kwa mtambo, na nani, mwaka gani, na kwa maneno gani. Kama mwindaji wa mwaka 1905 aliona haja ya kuwahakikishia wasomaji kuhusu simba wake, sisi tunao wajibu mkubwa zaidi kuhusu babu zetu.

Wajibu wa shule

Huenda mwalimu akauliza kama haingekuwa salama zaidi kuiacha kazi hii kabisa. Hatudhani hivyo. Agizo ni mtihani mzuri wa historia, kwa sababu hudai mambo mahususi. Mwanafunzi anayeweza kuandika kwamba wakazi wa Uchagga waliishi vizuri zamani hajathibitisha lolote. Lakini akitakiwa aandike agizo la wapagazi wakipumzika usiku kando ya Ruvu mwaka 1903, atalazimika kujua walivaa nini, walibeba nini, walipika nini, moto ulikuwa umbali gani, na kama flashi ingeufikia. Asipojua, itambidi akasome au akaulize. Tena atakuwa amewaweka wapagazi katika mwanga, mahali ambapo mwenye kamera hakuwaweka.

Kabla ya hapo iko kazi iliyo bora zaidi, nayo haihitaji mtambo. Kila mwanafunzi alete habari za picha moja ya kweli iliyoko nyumbani kwao. Aketi na bibi au babu, aulize: huyu ni nani, ilikuwa wapi, mwaka gani, nani alipiga, na nani alikuwepo ila haonekani? Majibu ayaandike kwa penseli laini nyuma ya picha. Miji mipya iliinuka tambarare reli ilipofika Moshi mwaka 1911, na watoto wengi wa mlimani wamehamia mbali zaidi tangu hapo. Masanduku yenye picha yamebaki na wazee. Picha isiyo na majina hufa mara ya pili mzee wa mwisho anayewajua watu wake akifariki.

Baada ya kazi hiyo, darasa liweke meza mbili. Juu ya moja ziwe picha zilizotoka masandukuni, zikiwa na majina nyuma yake. Juu ya nyingine ziwe zile zilizoagizwa kwa maneno, zikiwa na maagizo yake. Wanafunzi wazilinganishe, wataje alama za taa moja baada ya nyingine. Kisha waulizwe ni meza ipi ingeweza kupelekwa Berlin na ukoo unaodai mtu wake. Hapo hawatahitaji kufundishwa zaidi tofauti iliyopo kati ya picha iliyoangukiwa na mwanga na picha iliyoangukiwa na maneno.